Kumbukumbu ya Pamoja

3 Novemba

Mama,

Shikamoo. Natumai hamjambo, wewe na Mama Mkubwa. Mimi mzima. Mwanao bado yuko kule kwenye barabara mpya anapima, na akipiga simu nusu ya maneno inachukuliwa na upepo. Ndiye aliyeniambia nikuandikie. Nilimjibu, "Mkwe hupelekewa heshima, hapelekewi matatizo ya seva." Akacheka. "Mama ameongoza chumba cha mashine maisha yake yote," akasema. "Kwake tatizo ndiyo heshima yenyewe. Mpelekee."

Basi nimekuja, Mama, na haya zangu nimeziacha mlangoni.

Unajua nafanya kazi katika studio ya vitabu vya kusikiliza. Vitabu vya shule vinaingia kwetu kama maandishi na kutoka kama sauti, kwa ajili ya wanafunzi wasioona. Zinazoifanya kazi hiyo ni mashine pepe kumi na mbili, zote zikiishi ndani ya seva moja. Kila moja inataka gigabaiti nane za kumbukumbu, na seva nzima ina sitini na nne. Mashine saba zinakaa kwa amani. Nikiwasha ya nane, mojawapo inakufa, na kitabu ilichokuwa inakisoma kinakatika katikati ya sentensi.

Kumbukumbu za kuongeza hazipatikani. Seva ni ya zamani, vipande vyake havitengenezwi tena. Mkurugenzi ametupatia kitu kimoja tu, diski mpya ya kasi. Amesema ikifika katikati ya Desemba vitabu havijakamilika, kazi itasimamishwa, na watoto waanze muhula bila vitabu kama mwaka jana. Mwalimu mmoja alituambia walivyokaa mwaka jana: kimya, wakiwasikia wenzao wakifungua kurasa.

Nimesoma mahali kwamba mashine pepe inaweza kupewa kumbukumbu kutoka kwenye faili. Sielewi. Faili ni faili, kumbukumbu ni kumbukumbu. Nimeambatanisha picha tatu za skrini ili uone nilipofikia.

Nisamehe kwa usumbufu.

Mkaza mwanao

*

7 Novemba

Mkaza mwanangu,

Marahaba. Usumbufu gani? Tangu nilipokabidhi funguo za chumba cha mashine, watu wananiuliza habari za magoti na shinikizo la damu. Barua yako imenikuta nimekaa na dada yangu, nikamwambia, "Nyamaza kidogo na cherehani yako, mimi nimeulizwa swali."

Tuanze na neno lenyewe. Umeniandikia barua pepe kuhusu mashine pepe. Pepe ni kitu kinachofanya kazi ya kitu, ila ukinyoosha mkono kukishika, hukipati. Barua yako haina karatasi lakini imefika. Mashine zako hazina chuma lakini zinasoma vitabu. Kwa hiyo usishangae ukiambiwa kwamba kumbukumbu nayo inaweza kuwa pepe. Mashine pepe haijui kumbukumbu yake imetoka wapi. Imeambiwa "una gigabaiti nane", inaamini, inaendelea na kazi.

Sasa mtazame Mama Mkubwa wako. Ana meza moja ya kukatia, na wateja wengi kuliko meza. Je, anaweka vitambaa vya wote mezani? Angekuwa amelala chini ya vitambaa. Kila mteja ana rafu yake ukutani. Kitambaa anachokikata sasa kiko mezani. Akimaliza sehemu, anakikunja, anakirudisha rafuni, anashusha kingine. Mteja akija kuuliza anaambiwa, "Ya kwako iko kazini," na si uongo.

Meza ni zile gigabaiti sitini na nne. Rafu ni faili kwenye diski mpya, faili moja kwa kila mashine. Fundi ni kile kiini cha mfumo wa seva, ndicho kinachojua kipi kinatumika sasa na kipi kimelala. Mashine zako hazitumii gigabaiti zote nane kwa wakati mmoja. Nyingi zimeshikwa tu, kama mtu anayeshikia kiti mwenzake asiyekuja. Ndiyo maana kumi na mbili zinaweza kuishi mahali pa saba. Zitaenda polepole kidogo, maana kupanda rafuni si sawa na kunyoosha mkono mezani. Lakini polepole si kufa.

Fanya hivi. Kwenye mipangilio ya seva, taja saraka itakayohifadhi faili za kumbukumbu, na iwe kwenye diski mpya, si ile ya zamani. Kisha, kwenye maelezo ya kila mashine, sema kwamba chanzo cha kumbukumbu yake ni faili. Izime kabisa kisha uiwashe. Kuianzisha upya kutoka ndani hakutoshi. Anza na mashine moja. Halafu uniandikie, kwa maneno, ulichoweka.

Na yule mtamkaji wenu wa vitabu, ile sauti ya kompyuta, mbona anasema "ngombe"? Ng'ombe ana king'ong'o chake, asinyang'anywe.

sdsmyr ,esmsmhi

Mama yako

*

12 Novemba

Mama,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara nyingi, na jana nimemsimulia Sikio habari za meza na rafu. Sikio ndiye msikilizaji wetu. Haoni, na kila kitabu kinapita masikioni mwake kabla hakijatoka. Amesema, "Mkweo angetufundisha sisi, tungefaulu sote hata wavivu." Na kuhusu ng'ombe amepiga meza kwa furaha, maana amelalamika tangu mwaka juzi hakuna anayemsikia. Sikujua kwamba unasikiliza vitabu vyetu, Mama. Nimefurahi sana.

Nimefuata yote. Faili zimeonekana kwenye diski mpya, kumi na mbili, zimejipanga kama wanafunzi mstarini. Nikawasha mashine zote. Zikawaka zote! Nilimwita mkurugenzi aje aone. Akaja, akatazama, akasema "vizuri", na kabla hajafika mlangoni mashine ya tano ikafa, ikafuatwa na ya tisa. Akageuka akaniangalia. Kisha akatoka.

Nina maswali mawili. La kwanza, ule mstari wa mwisho wa barua yako, sdsmyr na kuendelea, ni nenosiri? Nilidhani ni sehemu ya mipangilio nikauingiza kwenye faili la mashine ya kwanza. Seva ilikataa kuusoma. Nimeugeuza kuwa maelezo ya pembeni, ambayo seva huyaruka, usije ukahitajika.

La pili. Ikiwa kumbukumbu sasa iko kwenye faili, basi mashine ikizimika, si nitaikuta kwenye faili nikiiwasha tena? Kitabu kilichokatika kiendelee pale kilipoachia? Hilo lingetuokoa.

Nimeambatanisha picha nyingine nne, kubwa zaidi, labda zile za kwanza hazikuonekana vizuri.

Mkaza mwanao

*

16 Novemba

Mkaza mwanangu,

Marahaba. Nimecheka peke yangu, kisha nikaona haya. Ule mstari si nenosiri wala si kitu. Ufute, usahau.

Swali lako la pili ni zuri, na jibu lake ni hapana. Neno letu "kumbukumbu" ndilo linalotuponza. Tukisikia kumbukumbu tunafikiri kitu kinachodumu: picha ukutani, jina la marehemu, siku ya harusi. Kumbukumbu ya kompyuta ni kinyume. Ni ya kufanyia kazi tu, na kazi ikiisha inafutwa. Kuiweka kwenye faili hakuibadilishi tabia. Mteja akichukua nguo yake, dada yangu haachi vipande rafuni; anakung'uta rafu kwa ajili ya mwingine. Mashine ikizimwa, faili halina maana tena, na mashine ikiwashwa inaanza na rafu tupu.

Tena kuna mstari wa kutupa, uweke "ndiyo". Unaiambia seva isihangaike kuandika kwenye diski yaliyobaki katika kumbukumbu ya mashine inayozimwa. Usipouweka, kila kuzima kutakuwa kama kufua nguo unayokwenda kuichoma.

Vitabu vyenyewe uvihifadhi kwenye diski, sura kwa sura. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa kuhusu mashine zinazokufa. Haziugui, zinauawa. Meza ikijaa hadi hakuna nafasi hata ya mkasi, kiini cha mfumo humtafuta anayekula nafasi kubwa na kumtoa nje, ili seva nzima isianguke. Ni ukatili wa mtu anayekata kidole kuokoa mkono. Lakini swali ni hili: meza imejaaje, na rafu zipo? Jibu limo kwenye maelezo ya mashine, na mimi siwezi kulikisia.

Niandikie maelezo hayo mstari kwa mstari. Yaandike kwa Kiswahili ukiweza, kama nilivyokuwa nikiwafanyisha vijana wangu. Mtu akilazimika kukieleza kitu kwa lugha ya mama yake, ndipo hugundua kama alikuwa anakielewa.

Mama yako

*

20 Novemba

Mama,

Shikamoo. Nashukuru kwa maelezo ya kutupa. Nimeuweka huo mstari. Mashine bado zinakufa.

Naomba niseme jambo, na unisamehe kama nakosa adabu. Nimekutumia picha saba. Kila kitu unachoniuliza kimo ndani yake, herufi kwa herufi. Hujazitaja hata mara moja. Mara ya kwanza nilidhani hazikufika. Mara ya pili nikajua zimefika. Sasa unaniambia niandike kwa mkono kile ambacho tayari kiko mbele ya macho yako, tena kwa Kiswahili, kama mwanafunzi anayeandikishwa sentensi mara mia.

Najua hukunichagua mimi. Najua ulitaka mwanao amuoe mtu wa fani yako hasa, aliyesoma kama ulivyosoma wewe, si mimi niliyejifunzia kazini. Kama huu ni mtihani, niambie ni mtihani. Kama maswali yangu yanakuchosha, niambie pia, nitatafuta pengine. Siku zinakwenda na nina vitabu vingi havijaguswa.

Salamu kwa Mama Mkubwa.

Mkaza mwanao

*

22 Novemba

Wewe binti,

Hii ni barua ya karatasi, ya kushikika, si hayo mambo yenu ya pepe. Nimeiweka ndani ya gauni lako nililolipunguza kiuno, usilitingishe ikaanguka. Na kiuno chenyewe kimepungua mno. Unakula? Au unakula seva?

Mimi sijui kompyuta. Najua cherehani, na najua mdogo wangu. Alipopata barua yako ya mwisho alikaa kitini akaniambia nizime redio. Nikauliza, "Kuna msiba?" Akasema, "Mkaza mwana amekasirika, na ana haki." Chakula alikirudisha.

Sasa sikiliza. Eti hakukuchagua? Siku mwanetu alipokuleta hapa ukatengeneza ile simu yangu iliyokuwa inazima, ulipotoka tu mdogo wangu akaniambia, "Huyu hakusema 'imeharibika'. Aliuliza 'imeanza lini'. Huyu ni wetu." Hayo nimeyasikia kwa masikio yangu, na masikio yangu, tofauti na magoti, hayana kasoro.

Picha zako acha. Andika maneno. Usiniulize kwa nini, nimefungwa mdomo kwa kiapo, na unajua kiapo kinavyonikereketa kooni. Mtu akikuambia "nisomee", si kila mara anakudharau. Andika tu.

Na ule kwa ajili ya Mungu.

Mama Mkubwa wako

*

25 Novemba

Mama,

Shikamoo. Gauni limefika. Nisamehe kwa barua yangu ya tarehe ishirini.

Haya ndiyo maelezo ya mashine ya kwanza, na nyingine zote zinafanana nayo:

Mstari wa kwanza: kiasi cha kumbukumbu ni gigabaiti nane.

Mstari wa pili: chanzo cha kumbukumbu ni faili.

Mstari wa tatu: ufikiaji wa kumbukumbu ni wa faragha.

Mstari wa nne: kutupa, ndiyo.

Saraka ya faili iko kwenye diski mpya, kama ulivyoagiza. Huo mstari wa tatu niliuongeza mwenyewe, hukuniambia. Kulikuwa na maneno mawili ya kuchagua, "faragha" au "pamoja". Vitabu hivi tumeaminiwa na wachapishaji, na tumeapa havitavuja. Kwa hiyo sikutaka kumbukumbu ya mashine moja ionwe na nyingine. Nikachagua faragha.

Nimejaribu kuandika kwa Kiswahili kama ulivyosema. Umesema kweli, kuna mahali nilisita.

Mkaza mwanao

*

25 Novemba, jioni

Mwanangu,

Marahaba, na hapo uliposita ndipo penyewe. Sikungoja kesho. Badilisha mstari wa tatu. Weka "pamoja". Kisha zima mashine zote, uziwashe, halafu ndipo usome maelezo yangu.

Umebadilisha? Haya.

Ulifikiri "pamoja" maana yake mashine na mashine, kama wapangaji wanaotumia bafu moja. Mtu yeyote mwaminifu angefikiri hivyo, na nakupongeza kwa sababu iliyokupotosha, ilikuwa sababu ya mtu anayetunza amana. Lakini hapa "pamoja" ni kati ya mashine na faili lake mwenyewe. Mashine ya pili haingii hapo, wala ya tatu. Kila mteja na rafu yake, bado.

Na "faragha" je? Faragha inamwambia fundi hivi: "Chukua kitambaa rafuni, lakini ukishakigusa kwa mkasi, usikirudishe. Kilichokatwa kibaki mezani, ili rafu ibaki kama ilivyokuwa." Fundi anatii. Mteja wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila kilichokatwa kiko mezani, na rafu zimekaa ukutani safi, hazina kazi. Ndiyo maana ulipomwita mkurugenzi mashine zilikuwa zimewaka zote: zilikuwa hazijakata kitu. Zilipoanza kuandika, meza ikajaa. Ulijenga ghala, ukagawa funguo, kisha ukakataza mtu asiingize gunia.

Kosa ni langu pia. Nilikuambia utaje chanzo nikasahau kukuambia ufikiaji. Mwalimu akiruka hatua, mwanafunzi ndiye anayetumbukia.

Kuhusu mtihani: hapakuwa na mtihani. Kuhusu kuchagua: kwenye nyumba hii ulishapita zamani, dada yangu ataapa kama atakuwa amebakiwa na kiapo. Na kuhusu picha, kuna sababu, nitakuambia siku moja. Haikuwa dharau. Ulikasirika kwa haki, lakini ukaandika hata hivyo. Kwa hilo nakushukuru kuliko unavyojua.

Mama yako

*

14 Desemba

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Kitabu cha mwisho kimetoka jana. Kemia ya kidato cha tatu, yenye majedwali yote. Mashine kumi na mbili zimesoma tangu ile siku hadi leo, na hakuna hata moja iliyouawa. Kweli, zinakwenda polepole kidogo. Nikiziangalia namwona Mama Mkubwa akipanda na kushuka kwenye rafu. Mkurugenzi amekuja tena kutazama. Safari hii alifika mlangoni, akasimama, akasubiri, kisha akasema, "Hazifi?" Sikio akamjibu, "Zimekuwa na mkwe, zitakufaje?"

Hakuna mtoto atakayekaa kimya Januari akisikia kurasa za wenzake. Ni kwa sababu ya neno moja, na neno hilo umelipata wewe.

Sasa nikueleze jambo lililotokea leo asubuhi.

Nilikuwa nasafisha mipangilio kabla ya likizo. Kwenye faili la mashine ya kwanza bado nilikuwa nimeacha ule mstari ulioniambia niufute, kama maelezo ya pembeni. Sikio alikuwa mezani kwake akilipitia faili hilo pamoja nami, na programu inayomsomea skrini ikaufikia, ikausoma kwa sauti herufi moja moja: s, d, s, m, y, r, mkato, e, s, m, s, m, h, i. Nikamwambia, "Ruka, hiyo haina maana." Sikio akaacha kuandika. Akasema, "Rudia." Ikarudia. Akaweka vidole kwenye kibodi, akavisogeza, akaanza kucheka taratibu.

"Aliyeandika hii amekosa vidutu," akasema.

Nikauliza vidutu gani. Akanishika kidole akakipitisha kwenye kibodi yake. Herufi F ina kidutu, herufi J ina kidutu. "Sisi tusioona tunaanzia hapo," akasema. "Ukiteleza nafasi moja kulia, kila herufi inakwenda kwa jirani yake. Mimi hufanya hivyo kila mara nikiwa na haraka au nimefurahi. Irudishe kushoto uone."

Nikairudisha, Mama. S ikawa a. D ikawa s. Nilipomaliza niliketi.

Uliniambia "asante mwanangu" katika barua ya kwanza kabisa, nami nikaiingiza kwenye seva nikaambiwa haisomeki.

Nimekutumia picha saba. Nimekuuliza kwa nini huoni kilicho mbele ya macho yako. Sitakuomba msamaha kwa maneno mengi, maana najua utaniambia nisipoteze kumbukumbu. Wala sitakuuliza tangu lini. Mwanao sijamwambia, hilo ni lako.

Nimefanya kitu kimoja tu. Sikio na mimi tumekaa mchana kutwa na mtamkaji wetu. Sahihisho tumewatumia wote wanaomtumia, na barua hii ikikufikia, nadhani itasomwa na sauti ile ile. Basi sikiliza vizuri hapa: ng'ombe. Ng'ambo. King'ong'o. Kung'uta rafu.

sdsmyr ,s,s

Mwanao

*

17 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Ng'ombe amerudishiwa king'ong'o chake. Nimemsikiliza mara tatu, na mara ya tatu dada yangu akauliza kama tunataka kufuga.

Uliahidi kutouliza, kwa hiyo nakuambia mwenyewe. Ukungu wa macho ulianza mwaka niliostaafu. Mwaka huu umefunga kabisa. Barua zako zote nimezisikia, sijaziona. Vidole bado vinajua njia, maana nilijifunza kuandika kwa mashine ya taipu, na mwalimu wetu alikuwa anafunika herufi kwa kitambaa. Sikumwambia mwanangu kwa kuwa angeacha barabara yake akaja kunishika mkono, na barabara ile wanaihitaji wengi kuliko mimi.

Wewe sikukuambia kwa sababu nyingine. Ulikuwa umeniandikia, "nimeambatanisha picha ili uone". Ni muda mrefu hakuna aliyeniambia "hebu tazama hapa, Mama, kuna nini?" Niliogopa kwamba ukijua, hutaniambia tena. Ungeniuliza habari za magoti. Nikakaa na jambo langu mezani, sikulirudisha rafuni, nikawa nakufundisha "pamoja" mimi mwenyewe nimejifungia kwenye faragha. Dada amesema anastahili kulipwa kwa kunyamaza wiki zote hizi. Nimemwambia alinyamaza nusunusu.

Ule mstari wako wa mwisho ulisomwa hivi: s, d, s, m, y, r, mkato, s, mkato, s. Sikuuelewa. Kisha vidole vyangu vikauelewa kabla yangu. Nilicheka hadi Mama Mkubwa akasimamisha cherehani, akaja kunishika bega kuangalia kama nacheka au nalia. Nikamwambia ni yote mawili, na kwamba nimeshukuriwa kwa lugha yangu mwenyewe.

Jumapili nitampigia mwanangu simu, nitamwambia, na nitamkataza asije kabla ya kazi yake kuisha. Wewe utanisaidia kumkataza. Mpe Sikio salamu zangu. Mwambie nimebandika tone la gundi juu ya kila kidutu, sasa siwezi kuteleza hata nikifurahi. Nina swali moja kwake pia: kwenye majedwali ya Kemia, mtamkaji anasoma kushuka au kukatisha? Nadhani kukatisha ni bora, na nitawaelezeni kwa nini.

Shule zikifunguliwa, nenda darasani siku ya kwanza. Wapige picha wale watoto wakiwa na vitabu vyao masikioni, unitumie. Kubwa, kama zile za mwanzo. Halafu unipigie simu, tukae nayo wote wawili, uniambie kuna nini.

Asante, mwanangu.

Mama yako